Kupanda Milima ya Jangwa la Sonora kwa Miguu: Mwongozo kwa Anayeanzia Tucson au Phoenix

Jangwa la Sonora, linaloenea kusini mwa jimbo la Arizona nchini Marekani na kuvuka mpaka hadi Mexico, halifanani na jangwa la mchanga mtupu ambalo wengi wetu hulifikiria. Mvua hunyesha huko katika vipindi viwili kwa mwaka, wakati wa baridi na tena katikati ya kiangazi, na kwa sababu hiyo miteremko yake imejaa miti ya miiba, vichaka na kaktasi za kila umbo, huku milima ya mawe ikiinuka ghafla kutoka tambarare. Familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, hasa za kutoka Kongo na Burundi, zimehamia Phoenix na Tucson, na kwa walio wengi mlima wa kwanza hauko mbali na nyumbani. Ukaribu huo ndio unaowaponza watu. Mtu huondoka na chupa moja ya maji na viatu vya mjini kwa kuwa paa la nyumba yake linaonekana kutoka njiani, na joto halijali kama paa linaonekana.

Mwongozo huu unaanza na mwisho wa safari, kwa sababu katika jangwa hili mpango mzima hujengwa kuanzia saa ya kurudi. Anayepanda Meru au Kilimanjaro huondoka penye joto na kwenda penye baridi; hatari inamngoja juu. Sonora mambo yamegeuka. Unapanda alfajiri kukiwa na ubaridi, nguvu zikiwa tele na begi likiwa zito kwa maji, kisha unashuka saa ambazo jua limekaa utosini, ukielekea bondeni ambako joto ni kali zaidi, miguu imechoka na maji yamepungua. Wanaozidiwa wengi wao walifika kileleni bila shida yoyote. Basi amua kwanza saa utakayotaka kuwa umeketi garini, ndipo uhesabu kurudi nyuma hadi saa ya kuondoka.

Msimu na saa

Miezi inayofaa ni Novemba hadi Machi. Oktoba na Aprili zinawezekana kwa anayeondoka mapema. Kuanzia Mei hadi Septemba, njia za chini ziachwe kabisa, isipokuwa matembezi mafupi yanayokwisha muda mfupi baada ya jua kuchomoza, na mwezi Juni jua la Tucson huchomoza yapata saa 11:15 alfajiri. Mwaka 2023 jiji la Phoenix lilipitisha siku 31 mfululizo ambazo joto la mchana lilifika au kupita nyuzi 43 za Selsiasi. Katika siku zinazotolewa onyo la joto kali, jiji hilo hufunga njia za milima ya Camelback na Piestewa kwa saa za mchana, na kufungwa huko si ushauri wa hiari.

Vipimo vya Marekani huwachanganya wageni, kwa hiyo vikaririwe kabla ya safari. Utabiri wa hewa hutolewa kwa Farenhaiti: 95 ni nyuzi 35 zetu, 100 ni karibu 38, na 110 ni 43. Umbali huandikwa kwa maili, na maili moja ni kilomita 1.6, urefu wa milima huandikwa kwa futi, na futi 1,000 ni mita 305. Kibao kinachosema "3.5" kina maana ya kilomita tano na nusu, tena za kwenda tu. Kukadiria muda, chukua saa moja kwa kila kilomita nne za njia ya mawe na uongeze saa moja kwa kila mita 500 za kupanda, ndipo uongeze mapumziko. Mwenye watoto aongeze nusu ya jibu lake juu yake.

Majira ya baridi nayo yana mtego wake. Mwezi Desemba jua huzama Tucson yapata saa 11:20 jioni, na hewa kavu haishiki joto: mchana wa fulana hugeuka usiku wa koti zito ndani ya saa mbili. Ndiyo maana tochi ya kichwani na koti jepesi huingia begini hata kwa safari ya saa tatu.

Maji na chumvi

Kiasi cha kubeba ni lita moja kwa kila saa ya kutembea kukiwa na joto, na angalau nusu lita kwa saa siku za baridi. Anayekwenda kutwa hapungukiwi na lita nne. Hizo ni kilo nne mgongoni, nao ni uzito wa kuvumilia, kwa sababu njia nyingi za milima hii hazina chemchemi wala bomba, na kijito kilichochorwa kwenye ramani kwa kawaida ni mchanga mkavu. Gawa maji katika vyombo viwili au zaidi. Mrija wa mfuko wa maji ukipasuka kwenye mwiba, usipoteze vyote kwa mara moja. Nusu ya maji ikiisha, geuka, hata kama kilele kimebaki kidogo.

Maji peke yake hayatoshi. Katika hewa kavu jasho hukauka kabla hujaliona, na mtu anayekunywa maji matupu saa nyingi bila kula hupunguza chumvi katika damu hadi akaumwa kichwa, akatapika na kuchanganyikiwa, dalili ambazo wenzake huzidhania kiu na kumwongezea maji. Kila saa kula kitu chenye chumvi, kama karanga, krispi au samaki mkavu, au changanya pakiti ya chumvi za ORS, ile ile wanayopewa watoto wanaoharisha.

Hadithi kwamba msafiri aliyeishiwa maji anaweza kupasua kaktasi nene ya pipa akanywa iachwe kwenye filamu. Utomvu wa kaktasi hizo una asidi na kemikali nyingine zinazosababisha kichefuchefu na kuharisha, na mtu mwenye kiu akianza kuharisha amejiongezea tatizo. Isitoshe, kuharibu kaktasi ndani ya hifadhi ni kosa la jinai.

Kuhusu mavazi sina mengi. Mikono mirefu ya kitambaa chepesi na cha rangi isiyo nzito hupooza kuliko bega tupu, na kofia pana inayofunika shingo hushinda kapelo. Wanawake wanaotembea na kanga au kitenge begini wana kivuli, taulo na kitambaa cha kulowesha kwa pamoja. Viatu viwe na soli ngumu iliyoshika, kwa sababu changarawe juu ya mwamba huteleza, na soli laini hupenywa na miiba.

Kaktasi zenyewe

Anayezijua kaktasi nne au tano hutembea kwa raha zaidi. Saguaro ndiyo ile ndefu yenye mikono iliyoinuliwa, na mgeni kutoka Afrika Mashariki huiona kama jamaa ya minyaa mikubwa ya nyumbani, ingawa ni jamii mbalimbali kabisa. Hukua polepole mno: ikiwa na miaka minane haifiki urefu wa kidole, mikono kwa kawaida huanza kuota baada ya miaka 50 hadi 75, na nyingine huishi zaidi ya miaka 150. Chipukizi hukulia chini ya kivuli cha mti mwingine, mara nyingi mti wa palo verde wenye gome la kijani, na hapo ndipo mtu anayekwepa jua nje ya njia anapozikanyaga bila kujua. Usikae chini ya saguaro kubwa. Kivuli chake ni chembamba, na mkono mmoja uliojaa maji ukianguka una uzito wa kuvunja mifupa. Matunda yake mekundu huiva Juni na Julai. Watu wa Tohono O'odham, wenyeji wa asili wa jangwa hili, wamekuwa wakiyavuna tangu kale kwa fito ndefu zinazotengenezwa kwa mbavu za saguaro zilizokufa, na haki hiyo ni yao, si ya kila mpita njia.

Mpungate hauhitaji kutambulishwa kwa msomaji wa Kenya. Aina moja ya mipungate ya eneo hili ndiyo iliyoenea Laikipia na kuwa kero kwa wafugaji. Hatari yake kubwa haiko kwenye miiba mirefu inayoonekana bali kwenye vinyweleo vilivyokusanyika chini yake, ambavyo huingia ngozini kwa mamia ukiligusa tunda kwa mkono mtupu. Bandika gundi ya plasta au utepe wa selotepu juu ya ngozi na uuvute. Rudia mpaka vinyweleo viishe, na usijaribu kuvitoa kwa meno.

Inayostahili tahadhari zaidi ni cholla, hasa ile wanayoiita "ya kuruka". Kwa mbali inapendeza: kichaka cha urefu wa mtu, kilichofunikwa na miiba myembamba ya rangi ya fedha inayong'aa asubuhi. Haimrukii mtu wala hairuki yenyewe. Vipande vyake hunyofoka kwa kuguswa kidogo tu, na chini ya kila kichaka vimetapakaa vipande vilivyoanguka, vinavyongoja kisigino. Ncha ya kila mwiba ina magamba madogo yaliyoelekea nyuma, kwa hiyo huingia kwa urahisi na kutoka kwa kurarua. Kosa la kila anayechomwa ni kunyoosha mkono wa pili kukivuta kipande, na sasa mikono yote miwili imeshikwa. Dawa ni chanuo, lile la meno mapana la kuchania nywele. Lipenyeze kati ya ngozi na kipande, hakikisha hakuna mwenzako upande unaokielekezea, kisha kirushe kwa mkupuo mmoja. Miiba iliyobaki ing'oe mmoja mmoja kwa kibano au koleo dogo, ukivuta moja kwa moja kufuata ulivyoingia. Chanuo na koleo huwekwa kwenye mfuko wa nje wa begi, kwa kuwa anayevihitaji atakuwa na mkono mmoja tu wa kufanyia kazi.

Njia moja, kwa ukaribu

Hifadhi ya Taifa ya Saguaro imegawanyika sehemu mbili, magharibi na mashariki ya jiji la Tucson. Ilitengwa kama eneo la kumbukumbu la taifa (national monument) mwaka 1933 na kupandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1994. Ada hulipwa kwa kila gari na hutumika siku 7 pande zote mbili. Anayeanza kabisa, au mwenye wazee na watoto wachanga, aende upande wa magharibi kwenye njia fupi ya Valley View, au Signal Hill ambako michoro iliyochongwa mwambani na watu wa kale wa Hohokam ingalipo. Michoro hiyo haiguswi, kwa sababu mafuta ya vidole huiharibu.

Kwa mwenye afya ya kawaida anayetaka mlima wa kweli, ningemshauri kilele cha Wasson kwa kupitia King Canyon. Ni mita 1,429, kirefu kuliko vyote katika safu ya Tucson Mountains, na safari yote ni kama kilomita 11 kwenda na kurudi, ukipanda zaidi ya mita 500. Njia huanzia mkabala na Arizona-Sonora Desert Museum. Sehemu ya kwanza ni barabara ya zamani ya wachimba madini, pana lakini imejaa mawe yanayobiringika chini ya kiatu. Wengi huitukana wakati wa kushuka kuliko wa kupanda, na fimbo mbili za kutembelea husaidia hapo. Baada ya chini ya nusu saa kuna kituo cha mapumziko chenye kibanda cha mawe, na huo ndio wakati wa kupima kundi: aliyekwisha kuhema hapo asidanganywe kwamba mbele ni rahisi. Kutoka hapo njia hupanda ukingoni mwa korongo, saguaro zikiwa nene pande zote, mpaka kwenye tandiko la mlima, yaani sehemu ya chini kati ya vilele, linalokutanisha njia mbili. Tazama kibao vizuri, kwa maana njia ya Sweetwater hushuka upande wa pili, mbali na gari lako. Ya kilele hugeuka kushoto na kujikunja kunja juu ya mteremko usio na kivuli chochote. Sehemu hii ndiyo inayokula maji. Ukiifikia baada ya saa nne asubuhi katika mwezi wa joto, ishia kwenye tandiko.

Kando ya njia hiyo kuna mashimo ya migodi ya zamani. Mengine yamezungushiwa uzio, lakini haifai kutegemea uzio: usiache njia kwenda kuchungulia, na watoto wasitangulie mbali na macho yako.

Kwa anayeishi Phoenix, Camelback ina sifa kubwa kupita ubora wake. Ni mita 824 tu, na kwa sababu iko katikati ya jiji hudharauliwa, lakini njia ya Echo Canyon hupanda karibu mita 400 ndani ya kilomita 2 hivi, mahali pengine kwa kushika reli ya chuma na kukwea mwamba. Mbwa hawaruhusiwi huko, na katika njia zote za milima za jiji hawaruhusiwi joto likifika Farenhaiti 100. Milima ya Superstition, mashariki mwa jiji, ina utulivu zaidi. Njia ya Peralta hadi Fremont Saddle hukupa mandhari ya nguzo ya mwamba ya Weavers Needle kwa jasho la asubuhi moja.

Nyoka, nyuki na wengineo

Nyoka wa Arizona anayezungumzwa zaidi ni yule mwenye njuga mkiani, na jimbo lina aina 13 zake. Mara nyingi hulia akihisi umemkaribia, ila si lazima alie. Tazama kabla ya kuweka mkono juu ya mwamba au kukalia jiwe, na usivae vipokea sauti masikioni. Ukimsikia, simama kwanza, mtafute kwa macho, ndipo urudi nyuma taratibu. Aliyeumwa hachanjwi, hanyonywi sumu, hafungwi kamba wala kuwekewa barafu. Avuliwe pete na saa kabla mkono haujavimba, atulizwe, na 911 ipigwe mara moja, kwa kuwa dawa iko hospitali tu.

Nyuki wanawatisha wenyeji kuliko nyoka, na hapa Mwafrika ana faida ya kuwafahamu. Nyuki wakali waliofika Arizona mwaka 1993 ni kizazi cha nyuki wa savana wa Afrika, waliopelekwa Brazil katika miaka ya 1950 na kutoroka mizinga. Kanuni ni ya nyumbani: usiwapunge mikono, funika uso kwa nguo, kimbia bila kusimama mpaka ndani ya gari au nyumba. Kujitosa majini hakusaidii, kwani wao hungoja juu.

Nge hujificha kwenye viatu vilivyolala nje, hivyo vikung'ute. Wanyama wengine, kuanzia mjusi wa Gila hadi nguruwe wadogo wa jangwani, hawana shida na asiyewashika wala kuwalisha.

Mafuriko na joto mwilini

Makorongo makavu yenye mchanga laini huvutia kama njia, na kwa sehemu kubwa ya mwaka huenda yasimdhuru mtu. Kuanzia katikati ya Juni hadi mwisho wa Septemba, ngurumo za alasiri hunyesha mlimani huku kwako jua likiwaka, na maji hushuka korongoni yakiwa na matope na magogo. Usipumzike ndani ya korongo, wala usipige hema humo. Ukikuta maji yamejaa njiani, kaa upande uliopo. Mafuriko haya mara nyingi hupungua ndani ya saa chache. Uvumilivu huo pia unahusu dereva: sheria ya Arizona inaruhusu anayepita kizuizi cha barabara iliyofurika atozwe gharama za kuokolewa.

Kuzidiwa na joto huanza kwa kujikwaa, kuumwa kichwa, kichefuchefu na ngozi yenye jasho baridi. Hapo mgonjwa akae kivulini, alegezewe nguo, aloweshwe na apepewe, anywe kidogo kidogo, na safari iishie hapo. Akianza kusema yasiyoeleweka, kuwa mkali bila sababu au kuzimia, hicho ni kiharusi cha joto na kila dakika ina uzito. Piga 911, mmwagie maji yote mnayoweza kuyatoa na mpepee bila kukoma hadi msaada ufike. Kabla ya kuondoka nyumbani jifunze kulitamka jina la njia kama lilivyoandikwa kwenye kibao, kwa sababu ndilo atakalouliza mpokea simu kwanza. Ramani ipakuliwe kwenye simu mapema, maana mtandao hukatika nyuma ya miamba. Mwachie mtu asiyekwenda jina la njia, mahali gari lilipo, na saa ambayo ikipita bila yeye kusikia habari zako atoe taarifa.

Aliyezoea kutembea wakati wa baridi na akashindwa kukaa nyumbani Julai apande Mount Lemmon, mita 2,791, kwa barabara ya lami kutoka Tucson. Gari huanza penye saguaro na kuishia kwenye misonobari, ambako joto hupungua kwa nyuzi 10 au zaidi. Huko juu mambo ya kuangalia ni mengine: radi za alasiri, zinazotaka uwe umeshuka kutoka kwenye migongo ya milima kabla ya saa sita mchana, na miti iliyokufa ikiwa imesimama baada ya moto wa Bighorn wa mwaka 2020, ambayo huanguka siku za upepo. Njia zinazofungwa kwa ukarabati au kwa hatari ya moto hutangazwa na Msitu wa Taifa wa Coronado, na tangazo hilo lisomwe asubuhi ya siku yenyewe.